Nilivyomwombea Baba Awe Mbaya

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye ngazi zetu na kitabu cha Kemia ambacho sikuwa nikikisoma, ndipo harufu ikapanda kutoka chini. Chai ya matanga. Hakuna chai nyingine inayonukia hivyo: maziwa yaliyoshika chini ya sufuria kubwa, tangawizi iliyopondwa na mtu mwenye hasira, moshi wa kuni, na mkate mweupe uliofungwa kwenye plastiki tangu asubuhi. Mzee mmoja wa ploti ya nyuma, jengo la vyumba vya kupanga kama letu, nisiyemjua hata kwa sura, alikuwa amefariki, na watu walikuwa wakikusanyika kila jioni kupanga safari ya kumpeleka kwao. Wenzangu wakinusa harufu hiyo husema "woiye" kwa huruma, halafu wanauliza kama kutakuwa na mchele. Mimi nilifunga kitabu. Nilirudi darasa la pili hapo hapo, na mapengo yangu, na woga wangu, na siri yangu kubwa kuhusu maisha.

Siri yenyewe ni kwamba wakati ule nilijua kwa nini tunaishi. Sitanii. Juzi mwalimu wetu wa somo la dini alituuliza maana ya maisha ni nini. Darasa zima likatazama dari, nami nikainamia dawati nisije nikaitwa, maana nikiitwa nasahau hata jina langu. Lakini nikiwa na miaka minane nilikuwa na jibu kamili, lenye ushahidi. Sasa nina kumi na sita na sina hata swali la maana.

Jibu nililipata kwenye matanga. Mama alikuwa, na bado ni, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, na kwaya yetu ikiimba harusi moja imeshaimba mazishi mpaka imekauka koo. Baba alikuwa kazini kiwanda cha sabuni, mtu wa kuniachia hakuwepo, kwa hivyo nilibebwa kila mahali. Sikulalamika. Mtoto mwenye haya hupenda matanga. Hakuna anayekuambia "cheka basi", hakuna anayekuambia usalimie kwa sauti. Unapewa mkate na chai, unakaa kimya kwenye benchi, na wewe ndiye unayesifiwa kuwa na adabu kuliko watoto wote.

Nilichopenda zaidi ni pale mtu aliposimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa wapi, aliacha nani. Kisha sauti inashuka: "Marehemu alikuwa mkarimu, mcheshi na mpenda amani. Hakuwahi kukosana na mtu." Nilisikia hayo kwa mzee wa kinyozi, kwa mama wa mboga, kwa kijana wa bodaboda, kwa kila mtu. Nilingoja siku ambayo mtu angesimama na kusoma, "Marehemu alikuwa bahili, na maziwa ya watoto alikuwa akiyanywa yeye." Siku hiyo haikufika. Halafu pasta alikuwa akifunga kwa maneno yale yale: "Mungu akitembea katika bustani yake, huchuma ua lililo zuri kuliko yote." Watu wakaitika amina. Nami niliitika amina huku mgongo ukinisisimka, kwa sababu nilikuwa nimeshaenda na Mama sokoni. Nilijua kuchagua ni nini. Mama hupita nyanya zilizopondeka kama hazioni, anashika ile nyekundu iliyo ngumu, anaigeuza, anaitia kwenye mfuko. Zilizopondeka zinabaki pale zikiota jua kwa raha zao.

Kwa hivyo wanaokufa ni watu wazuri tu. Ilikuwa wazi kabisa. Nilishangaa wakubwa hawaoni.

Jambo hili nililipeleka kwa Brayo. Brayo aliishi ghorofa ya kwanza, alikuwa mbele yangu darasa moja, na ndiye aliyekuwa bingwa wa ploti nzima katika mchongoano, ule utani wa kushambuliana kwa maneno. Akikuamulia mbele ya watoto, unajipeleka nyumbani mwenyewe ukalale. Mimi alikuwa akinihurumia. "Wewe ni mpole," aliwahi kuniambia, "mpaka mbu akikuuma unamgeuzia mkono wa pili asichoke kuzunguka." Lakini siku ile hakucheka. Alitafuna muwa wake mpaka makapi yakaisha utamu.

"Manze, ni ukweli," akasema. "Ushawahi kuona mtu mbaya amekufa?"

"Bado."

"Si ndiyo hiyo? Cheki Mama Pendo."

Sote wawili tukamgeukia. Mama Pendo alikuwa msimamizi wa ploti. Alikuwa na uwezo wa kufunga maji mtu akiwa na sabuni kichwani, kisha akasimama nje ya bafu akisema hajasikia mtu akiita. Alikuwa amezeeka tangu tulipozaliwa na hatukuwahi kumwona hata na mafua. Pale alikuwa akipandisha mtungi mabegani kama anabeba mto wa kulalia.

Basi mimi na Brayo tukaafikiana maana ya maisha, tumekaa juu ya ukuta karibu na tangi: uwe mzuri kiasi cha kuingia mbinguni, lakini usiwe mzuri kiasi cha kuitwa kesho. Kulikuwa na sehemu moja tu haijaeleweka, na Jumapili Brayo aliniulizia kanisani kwa sababu mimi nisingeweza kusimama. "Mwalimu, huyu anataka kujua, mtu akitaka kuingia mbinguni lakini achelewe, afanye dhambi kiasi gani kwa wiki?" Mwalimu wa watoto aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuangalia kama nina joto.

Sikuwa na joto. Nilikuwa na amani. Nilikuwa na amani kwa sababu Baba yangu alikuwa mtu mbaya sana.

Sisemi hivyo kwa kumdharau. Ubaya wa Baba ulikuwa unajulikana mpaka ploti za jirani. Mpira ukigusa nguo zake kwenye waya, alitoka na kisu cha jikoni na mpira haukurudi ukiwa hai. Jirani akija kuomba chumvi, chumvi ilikuwa imeisha. Kwenye drafti alisukuma kete kwa kiwiko akijifanya anakohoa. Ukimwambia "Habari ya asubuhi," alijibu, "Umeiona wapi?" Watoto wengine wangeona aibu. Mimi nilikuwa nikilala fofofo. "Buda yako ataishi," Brayo alikuwa akiniambia kwa wivu, maana baba yake yeye alikuwa mtu wa kusalimia salimia. "Atazika hii ploti mpaka na tangi."

Ndani ya nyumba Baba alikuwa tofauti. Nina jina la mama yake, na kwa desturi yetu baba humwita mtoto kama huyo Mama, tena mama yako humchapi wala humpandishii sauti. Kwa hivyo mimi nilikuwa nikipewa mafuta ya nyama, nikipewa upande wa kitanda ulio karibu na ukuta nikiwa mgonjwa, nikiulizwa, "Mama, leo umeamkaje?" na mwanaume ambaye nje hakumwamkia mtu. Uzuri huo wa nyumbani sikuuhesabu. Hakuna aliyeuona, na nilidhani Mungu naye anategemea kusikia kwa majirani kama sisi wote.

Kisha kanisa likafanya mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule, Baba akaenda kumsindikiza Mama na kwaya yake, na wakarudi akiwa ameokoka.

Kesho yake mpira uligonga shati lake kwenye waya, mbele ya mlango wetu. Akina mama waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mlango ukafunguka, Baba akatoka, akauokota mpira, akausogeza ukingoni, akautupa chini taratibu kwa watoto. "Chezeni, wanangu," akasema. "Lakini muangalie magari."

Brayo alinitazama kutoka chini. Uso wake ulikuwa ule wa watu wanaoshika mkono wa mfiwa.

Mambo yakaharibika haraka. Baba akawa anasalimia. Akambebea Mama Pendo mitungi mpaka juu. Akawagawia watu chumvi bila kuombwa, anabisha mlango na pakiti mkononi, "Nimeona niwaulize kama mko sawa." Na majirani wakaanza kusema yale maneno. "Baba yako siku hizi ni mtu wa watu." "Baba yako ni mcheshi, hatukujua!" Mcheshi! Kila nilipopita kwenye ngazi nilisikia wasifu unaandikwa. Mama alikuwa akilia kwa furaha jikoni, nami nikilia chooni kwa sababu zangu.

Halafu ikaja habari ya henia. Kwa miaka mingi Baba alikuwa akiinua mapipa kiwandani, na sasa kulikuwa na uvimbe chini ya tumbo. Daktari akasema ni jambo dogo, atapasuliwa na kushonwa. Wakubwa walisikia "jambo dogo". Mimi nilisikia "atapasuliwa", na niliona Mungu ameshasimama pale bustanini, ameinama, mkono umenyooshwa.

Nikaamua kumharibu Baba kabla ya siku ya hospitali.

Kwanza nilichukua shati lake jeupe alilonunua soko la Eastleigh, lile la kanisani, nikalitupa kwenye matope karibu na mfereji na kulikanyaga kwa viatu vyote viwili. Nikalipeleka kwake mwenyewe, likichuruzika, ili asisumbuke kutafuta wa kumkasirikia. Aliliangalia, akafumba macho, midomo ikacheza cheza. Nilifurahi. Nilijua inakuja. Akafumbua macho akasema, "Nguo ni nguo tu, Mama. Roho ndiyo ya kufua."

Nikatoka nje kutafuta njia nyingine.

Mara ya pili nilimwambia kwamba Mama Pendo anamtangaza mtaani, anasema ameokoka kwa kuogopa kisu cha daktari. Zamani angeshuka ngazi kwa hatua tatu. Sasa alishuka polepole akishika tumbo, na dakika si nyingi nikamsikia akimwomba Mama Pendo msamaha kwa makosa ya miaka yote, moja baada ya jingine. Mama Pendo, ambaye hakuwa amesema lolote kabisa, alisimama na ufagio mkononi akisema tu, "Haya... haya... haya basi," kama mtu anayerudishiwa vitu ambavyo hakujua vimeibwa.

Jioni kabla ya siku ya hospitali, kanisa likaja nyumbani kuomba. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu walikuja na benchi zile zile. Na sufuria ile ile. Na mkate ule ule kwenye plastiki. Nyumba yetu ya chumba na sebule ilijaa mpaka mlangoni, Baba akaketishwa katikati kwenye kiti, na ile harufu ikapanda: maziwa, tangawizi, moshi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa tofauti na matanga mengine. Marehemu alikuwa akinywa chai.

Pasta alisimama. Alisema Baba ni mkarimu. Alisema ni mpenda amani. Kisha akaangaza macho, akaniona nimejibana kati ya kabati na ukuta. "Tusikie sauti ya mtoto," akasema. "Mungu huwasikia watoto haraka."

Haraka. Ndilo neno lililonitoa pale kwenye kabati. Mimi, ambaye shuleni nikiitwa nilikuwa nikijikojolea, nilitembea mpaka katikati ya sebule. Pasta akaniwekea mkono mzito kichwani. Watu wakafumba macho.

"Mungu uliye mbinguni," nikasema. "Asante kwa siku ya leo. Tafadhali usimsikilize pasta."

Mkono kichwani ukaacha kubonyeza.

"Baba yangu si mzuri vile wanavyosema. Ameanza juzi tu. Alitoboa mpira wa akina Brayo, na ule mwingine, na ule uliokuwa wa kanisa. Chumvi ilikuwepo, alikuwa anasema imeisha. Kwenye drafti anasukuma kwa kiwiko. Wageni wakija nyama anaificha kwenye sufuria ya juu, hata leo iko."

Nilisikia benchi likilia. Watu walikuwa wanageuka kuangalia rafu.

"Na alisema pasta akiimba ni kama mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko aliyeona kisu. Kwa hivyo usimchume. Hajaiva. Kama ni lazima uchume mtu, hapa kuna yule mama wa kwaya anayetuleteaga mandazi. Huyo yuko tayari. Amina."

Hakuna aliyeitika amina. Yule mama wa mandazi alitoa sauti ndogo kama kibuyu kinachovuja, akaanza kutafuta mkoba wake. Wageni wetu, ambao kwa kawaida hukaa mpaka majani ya chai yageuke rangi, waliondoka kama waliokumbuka wameacha jiko likiwaka. Pasta alitoka wa mwisho, na mlangoni akamwambia Mama kwa upole kwamba mtoto huyu aombewe kivyake, kwenye siku yake.

Mama alikuwa ameshavua akala yake, ile ndala ya tairi ya Kariokor, anichape. Baba akainua mkono. "Mwache," akasema. "Mwache kwanza." Akanishika, tukatoka tukaketi kwenye ngazi.

Nilimweleza yote. Nilimweleza bustani, nyanya, Mama Pendo na afya yake, nikamwonyesha kwamba mtu mbaya hajawahi kusomewa wasifu hata mmoja. Nililia mpaka kamasi ikaingia kwenye maneno. Nilidhani atacheka, kwa sababu wakubwa hucheka wakishindwa kujibu. Hakucheka. Alikuwa ameshika lile tumbo lake kwa mikono yote miwili na kutazama waya za nguo.

"Sasa wewe, Mama," akasema, "unataka nifanyeje?"

"Uwe kama zamani."

"Zamani ya wapi?"

"Ya juzi. Uwe mbaya kidogo tu. Mpaka utoke hospitali."

Akapumua kwa nguvu. "Nimemwahidi Mungu, Mama."

Nikaegemeza kichwa changu kwenye mkono wake uliokuwa ukinukia sabuni ya mche, nikajua basi, imeisha.

Asubuhi nilikataa uji. Nilisimama ghorofani kwetu na shavu kwenye chuma baridi cha ukingo, nikawatazama wakivuka uwanja, Baba na mfuko mdogo, Mama na thamosi. Mama Pendo alikuwa getini akifagia. Akasimamisha ufagio, akalainisha sauti. "Baba, tunakuombea huku. Mungu akutangulie."

Baba akapita. Akaenda hatua kadhaa. Akasimama. Akageuka, akainua macho mpaka ghorofa ya tatu, akaniona. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua pipa.

"Mama Pendo!" Sauti ikagonga kuta zote nne. "Hayo maji unayofunga kila siku, unamwekea Nuhu akiba?"

Madirisha yakafunguka. Akaniangalia. Akaendelea. "Na hapo unafagia ama unapiga udongo pasi? Ngazi giza, choo kimeziba, na wewe umesimama getini kama tangi lililovuja!" Akaniangalia tena.

Mama Pendo aliduwaa. Akamtazama Baba, akafuata macho yake mpaka juu, akaniona mimi na pua yangu nyekundu. Akaweka ufagio chini. Akashika kiuno. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona ndugu yake akishuka basi.

"Alaa! Kumbe bado uko! Nilidhani wametubadilishia mtu! Wewe mwanaume wa povu, kazini sabuni, nyumbani jasho! Nenda wakupasue, hata ndani watakuta mipira ya watoto wa watu!"

Ploti ilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga sufuria.

"Nikirudi tutaonana!" Baba akafoka.

"Rudi basi! Rudi upesi, niko hapa hapa nakungoja!"

Brayo alipanda ngazi mbio, akasimama kando yangu akihema. "Buda yako yuko poa," akasema. "Huyo hafi leo." Nikaingia ndani nikanywa uji wote, pamoja na wa Baba.

Alirudi baada ya siku chache, akitembea kama aliyebeba mayai ndani ya suruali, na Mama Pendo akamtukana kutoka getini mpaka mlangoni kwetu huku amemshika mkono asianguke. Wokovu wake haukwenda popote. Bado anasalimia, bado anagawa chumvi. Ila kwa muda mrefu, akiniona nimenyong'onyea, alikuwa akitoka nje na kugombana na mtu mmoja, kwa uangalifu, kama anayemeza dawa.

Mwaka jana tu, tukichambua mchele, Mama aliniambia yaliyobaki. Walipopinda kona siku ile, Baba aliegemea ukuta wa duka akashindwa kwenda. Alikuwa analia. Kisu alikuwa akikiogopa kuliko nilivyokiogopa mimi, na alikuwa hajalala. Na sasa aliona kwamba akifia pale mezani, atafika mbele za Mungu aliyemwahidi na matusi yakiwa bado ya moto mdomoni. Akamwomba Mama apige simu amwombee radhi kwa Mama Pendo. Mama Pendo alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nilijua," akasema. "Mtu akinitukana kwa roho yake, hatazami juu kila baada ya neno."

Nashukuru hawakuniambia wakati ule. Kwa hesabu zangu za miaka minane, mtu mwema kiasi hicho hangefika hata hospitalini.